Imba dakika 15 kwa siku: jinsi ya kuanza hata kama unaamini huna sauti

Kila mtu mpya akija kwenye kundi letu cha kwanza ananiambia "mwalimu mimi sina sauti", na mimi huwa namjibu hivi hivi kila siku, sijakuuliza sauti, nimekuuliza pumzi. Nimeongoza makundi ya kuimba miaka 12 sasa na sio kwaya za mashindano, ni watu wa kawaida tu, wengine wametoka kwenye matibabu marefu, wengine kazi imewachosha mpaka usingizi hauji, wengine wamefiwa na nyumba imekuwa kimya. Kitu nilichokuja kukielewa ni kwamba faida kubwa ya kuimba kiafya haitoki kwenye utamu wa sauti, inatoka kwenye namna unavyoitoa pumzi. Mwenye sauti ya kinanda na mwenye sauti ya kukwaruza wote wanatumia mapafu yale yale. Kwahiyo nimeupanga huu mwongozo kuanzia kwenye pumzi, wimbo wenyewe unakuja hatua ya 5, naomba usiruke.

Kwanini pumzi? Mtu mzima aliyetulia anapumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika bila kufikiria. Ukianza kuimba unavuta haraka mara moja halafu unatoa taratibu mstari mzima, sekunde 6, 8, hata 10. Sasa moyo nao unafuata pumzi, ukivuta unaenda kasi kidogo, ukitoa unapunguza mwendo, na kazi ya kuupunguza inafanywa na neva moja ndefu inaitwa vegasi, inatoka kwenye ubongo, inashuka shingoni, inafika kwenye moyo na mapafu mpaka tumboni, na matawi ya neva hiyo hiyo ndiyo yanaendesha nyuzi za sauti kooni. Yaani ukiimba mistari mirefu kwa utulivu unakuwa unauambia mwili wako upunguze mwendo, tena unauambia mara nyingi mfululizo bila hata kukaa kimya kutafakari, na ndio maana watu ambao hawawezi kabisa mazoezi ya kukaa wametulia wanaweza kuimba.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg kule Uswidi waliwapima mapigo ya moyo vijana 15 wa miaka 18 wakiimba pamoja, na mioyo yao ikawa inapanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo uliwafanya wavute na kutoa pumzi wakati mmoja. Mimi huwa nawasimulia hii wanakundi siku ya kwanza na wanaangaliana.

Hatua ya 1: Jipime kabla hujafanya chochote

Chukua simu, fungua saa ya kuhesabia sekunde. Vuta pumzi ya kawaida, sio ya kujaza mpaka kifua kipasuke, halafu toa kwa "sssss" ya usawa mpaka iishe. Fanya mara tatu, pumzika katikati, andika ile ndefu kuliko zote pamoja na tarehe. Mimi siku nimejipima kwa mara ya kwanza nilipata sekunde 13. Usilinganishe na ya mtu mwingine, umri, mwili na afya ya mapafu vinatofautiana sana, hiyo namba ni ya kwako na utairudia baadae.

Hatua ya 2: Mwili

Simama au kaa kwenye ncha ya kiti, miguu yote chini, magoti yasikazwe, kidevu kisinyanyuke. Legeza taya. Inatosha, wengine wanatumia nusu saa hapa wakati kazi iko mbele.

Hatua ya 3: Shusha pumzi

Hapa ndipo nataka ukae siku tatu nne nzima, maana karibu kila mtu anakuja anapumulia mabegani. Mwambie mtu avute pumzi kubwa utaona mabega yanapanda, shingo inakaza, kifua kinanyanyuka, na hapo amejaza sehemu ya juu tu. Unachotaka ni kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, ushuke. Kikishuka tumbo linasogea mbele na mbavu za chini zinatanuka pembeni, huhitaji kulisukuma tumbo kwa nguvu, litasogea lenyewe kwa sababu vilivyomo ndani vimepewa nafasi ndogo.

Njia rahisi kuliko zote, lala chali, weka kitabu juu ya tumbo. Kikipanda ukivuta na kikishuka ukitoa umeipata. Ukishaijua ukiwa umelala ndio unakaa, mkono mmoja tumboni mwingine ubavuni, unatafuta kitu kile kile. Halafu hesabu, vuta kwa 4, toa kwa "sss" kwa 6. Siku ya pili toa kwa 8. Ukiona 8 inakubana rudi 6, hakuna mtu anayekukimbiza. Fanya mara 6 tu kisha acha, pumua kawaida.

Ukisikia kizunguzungu au vidole vinachonyota maana yake unavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, kaa chini, pumua kawaida, na raundi inayofuata vuta kidogo. Kosa kubwa la wanaoanza sio kuvuta kidogo ni kuvuta nyingi mno, mtu anajaza kama anaenda kupiga mbizi halafu inabidi koo libane kuizuia ile hewa isitoke yote, na koo likishabana wimbo unakuwa vita.

Hatua ya 4: "Mmm", halafu mrija

Funga midomo bila kuibana, meno yaachane kidogo, ulimi ulale. Sasa toa ile "mmh" ya kumuitikia mtu anayekusimulia kitu, ile ile, kwa usawa ule ule, halafu iendeleze. Hapo ndipo sauti yako inapokaa yenyewe bila kulazimishwa. Ukiifanya vizuri midomo itakuwa inawasha kama inatekenywa na pua itatetemeka, ukisikia mkwaruzo kooni punguza nguvu.

Hii "mmm" watu wanaidharau lakini ina kazi yake. Kwenye vile vishimo vya hewa vilivyopo ndani ya mifupa kuzunguka pua kuna gesi inatengenezwa inaitwa naitriki oksaidi, inasaidia kutanua mishipa ya damu na njia za hewa, na mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, walipima hewa inayotoka puani wakakuta mtu akivumisha "mmm" gesi hiyo inaongezeka mara 15 ukilinganisha na akitoa pumzi kimya kimya. Mtetemo unaikung'uta itoke. Sisemi itakuponya mafua, nasema usiiruke.

Baada ya dakika mbili za mmm chukua mrija wa kawaida wa kunywea, uingize kwenye glasi ya maji kama sentimita 3 hivi, halafu piga "uuu" kupitia mrija mpaka maji yachemke viputo. Panda na sauti taratibu, shuka nayo, kama king'ora kinachoenda mbali. Hewa ikikutana na kizuizi cha maji inarudisha mgandamizo kidogo nyuma mpaka kooni, na zile nyuzi za sauti zinagusana kwa ulaini badala ya kugongana. Wanaotibu matatizo ya sauti wanaitumia sana njia hii. Dakika mbili tatu zinatosha na hata siku ambayo huna muda wa kitu kingine chochote fanya hii peke yake.

Hatua ya 5: Wimbo, na kii yako

Chagua wimbo mmoja, mmoja tu kwa wiki 4 za mwanzo. Uwe unaujua kwa moyo ili macho yasiwe kwenye karatasi, uwe wa mwendo wa taratibu, na usiwe na milima, yaani usipande sana usishuke sana. Nyimbo za kubembelezea watoto ni nzuri mno kwa kuanzia.

Sasa wengi wanakosea hapa, wanaweka rekodi halafu wanamfuata aliyeimba kwenye kii yake, yaani juu au chini pale sauti yake inapoanzia wimbo. Yule ana koo lake. Zima rekodi. Anza na ile "mmh" yako ya kuitikia, hiyo ndiyo iwe noti ya kwanza, kama kiitikio kinakutoa jasho rudi anza chini zaidi, na kama noti za chini zinapotea panda kidogo. Ukiweza kuimba wimbo mzima huku nyusi zimetulia basi kii ni yako.

Halafu chukua kalamu, andika maneno, weka alama kila unapovuta pumzi. Wiki ya kwanza vuta kila nusu mstari. Wiki ya pili kila mstari mzima. Tafadhali usisubiri hewa iishe kabisa ndio uvute, ile ya kujikamua mpaka mwisho inakaza shingo na inaharibu utulivu wote tuliojenga. Na imba kwa sauti ya kuongea na mtu aliye upande wa pili wa meza, sio uwanjani.

Hatua ya 6: Dakika 15 zenyewe

Ukishazoea inakuwa hivi, dakika 3 pumzi, dakika 2 mmm, dakika 3 mrija, dakika 6 wimbo ukirudia rudia, na dakika moja ya mwisho ukae kimya usikilize mwili. Hiyo ya mwisho naitetea sana, watu wanamaliza wanakimbilia simu, wakati hapo ndipo unasikia mabega yameshuka. Muda wowote ni sawa ila asubuhi sauti inakuwa nzito, ipe mrija mrefu zaidi, na kunywa maji kidogo kidogo siku nzima maana maji unayokunywa sasa hivi hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yanaenda tumboni.

Hatua ya 7: Tafuta wenzako

Peke yako utapata pumzi, lakini kuna kitu utakikosa. Watafiti wa Oxford mwaka 2015 walifuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi 7, mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na uandishi, na wale wa kuimba walizoeana haraka kuliko wengine. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine wa kina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua, waliowekwa kwenye vipindi vya kuimba kwa wiki 10 walipata nafuu mapema kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Kwenye kundi letu kuna mama alikaa nyuma miezi miwili anatikisa midomo tu, sikumsemesha, siku aliyotoa sauti aliniambia mwalimu leo nimelala usiku mzima. Watatu wanatosha kuwa kundi. Msijipange kwa uzuri wa sauti, jipangeni kwa mduara ili kila mtu aone wenzake wanavuta pumzi saa ngapi.

Lakini mwenye mafua au homa abaki nyumbani, na hili sina msalie mtume. Machi 2020 kwenye jimbo la Washington, Marekani, kwaya moja ilifanya mazoezi watu 61, mmoja alikuwa na dalili, na baadae 53 wakahesabiwa kuugua Uviko, 2 wakafariki. Kuimba kunatoa matone madogo mengi ya hewa kuliko kuongea. Fungueni madirisha.

Mahali pa kusimama

Kama umefanyiwa upasuaji wa tumbo, kifua au macho karibuni, au una ngiri, muulize daktari kwanza. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Koo likiuma wakati wa kuimba acha siku hiyo, na sauti ikikauka zaidi ya wiki 3 nenda ukapimwe, usiifunike kwa tangawizi. Na dawa zako za presha, za sonona, za chochote, endelea nazo kama ulivyoandikiwa. Mwaka 2016 utafiti wa watu 193 wa kwaya za walioguswa na saratani, wagonjwa, wauguzaji na waliofiwa, ulionyesha saa moja ya kuimba inashusha kotisoli, homoni ya stresi, lakini hiyo sio sababu ya mtu kuacha matibabu akaja kuimba badala yake. Niliwahi kuwa na mwanakundi aliyetaka kufanya hivyo, nilimsindikiza mpaka kwa daktari wake, na Jumamosi akarudi kuimba.

Ukifika wiki ya 4 fungua ile saa tena, "sss" mara tatu, andika namba mpya pembeni ya ile ya kwanza. Mimi ya 13 ilifika 19. Ikiwa yako haijasogea rudi hatua ya 3, lala chali, weka kitabu tumboni, maana mara nyingi mabega yamepanda tena bila wewe kujua. Ikiwa imesogea hata sekunde mbili, chagua wimbo wa pili, wenye mistari mirefu kidogo.