Somo: Kuuandaa Mwili wa Mchezaji wa Besiboli Baada ya Msimu

Msimu ukimalizika, mchezaji huweza kuuharibu mkono wake kwa njia mbili: kukaa kitako mpaka siku ya kwanza ya mazoezi ya timu na kuanza kurusha kwa nguvu zote, au kuendelea kurusha kila Jumamosi kana kwamba mechi hazijaisha. Utaratibu ninaoueleza hapa ni kwamba mkono hupumzishwa kwanza, miguu na nyonga hujengwa, na mpira hurudi mkononi mwishoni, kidogo kidogo. Katika ligi kuu ya Marekani msimu wa kawaida huisha karibu na mwisho wa Septemba, na warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira, huripoti kambini katikati ya Februari, yaani wana takriban miezi minne ya kazi hii. Ninyi hesabuni kurudi nyuma kutoka tarehe ya mechi yenu ya kwanza, na ikiwezekana mtenge wiki 16.

Hatua ya kwanza: kuupumzisha mkono

Kwa wiki nne hadi sita, msirushe kitu chochote kupitia juu ya bega, uwe mpira wa besiboli, mkuki au smashi ya voliboli. Mrushaji anapouzungusha mkono, kiwiko huvutwa kwa nguvu kubwa upande wa ndani, na kinachokizuia kisifunguke ni kano fupi inayofunga mfupa wa juu wa mkono na ule wa chini. Kano haipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo hupona polepole. Ndiyo iliyokatika katika kiwiko cha Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, mwaka 1974. Daktari Frank Jobe alimwekea kano iliyotolewa katika mkono wake mwingine. Mrushaji huyo akaukosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na akaendelea kurusha hadi 1989. Wengi hukisimulia kisa hicho ili kuusifu upasuaji. Mimi hukitazama kwa upande wa msimu uliopotea, nami nasisitiza kwamba wiki sita za mapumziko ni bei nafuu mno.

Kupumzisha mkono si kulala. Tembeeni, endesheni baiskeli, na wapigaji waendelee kupiga mpira uliowekwa juu ya kigingi.

Hatua ya pili: miguu na nyonga

Kasi ya mpira huanzia ardhini, ikapanda kupitia mguu wa nyuma, nyonga na kiwiliwili, ndipo ikafika begani; kiungo kimoja kikiwa kizembe, bega na kiwiko hulazimika kufidia. Kwa sababu hiyo, hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, siku tatu kwa wiki, mkiacha siku moja katikati.

Chuchumaeni na kuinuka mkiwa na mzigo, inueni mzigo kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kisha pigeni hatua ndefu za mbele na za kando. Raundi tatu za marudio manane zinatosha. Mwenzako asimame mbele yako atazame goti: likiingia ndani kuelekea upande wa kidole gumba, mzigo umezidi uwezo wa nyonga, na ni lazima upunguzwe hata kama unajisikia una nguvu.

Pimeni pia jinsi nyonga inavyozunguka. Keti juu ya meza, magoti yakiwa yamekunjwa, kisha upeleke unyayo nje bila kuinua kalio, na ulinganishe kulia na kushoto. Mrushaji ambaye mguu wake wa mbele hauendi mbali huuzungusha mwili nusu tu, halafu anaumalizia mrusho kwa mkono peke yake.

Hatua ya tatu: mbio fupi

Mji huu wa Nairobi umezoea mbio ndefu, na makocha wengi huwazungusha warushaji uwanjani kilomita baada ya kilomita. Sikubaliani nao. Kutoka besi moja (kituo anachokimbilia mchezaji) hadi nyingine ni mita 27.43, na mrusho mmoja humalizika kabla hujavuta pumzi ya pili. Basi kimbieni mita 20 hadi 40 kwa kasi kamili, mpumzike vya kutosha, kisha mrudie.

Hatua ya nne: misuli midogo ya bega

Fungeni tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, kiwiko kikae ubavuni, na mvute kuelekea nje taratibu. Kisha mvute kwa mikono miwili mpaka makombe ya mikono yakaribiane mgongoni. Misuli hii ndiyo breki ya mkono baada ya mpira kuondoka. Raundi mbili za marudio 15 hutosha, bila kukaza mno.

Hatua ya tano: kurudisha mpira

Wiki nane kabla ya mechi, anzeni kurushiana kwa mita 10, mirusho 25, siku moja ndiyo na moja hapana. Msipoona maumivu, sogeeni hadi mita 20, kisha 27, kisha 36 katika wiki zinazofuata. Kusimama kwenye kilima cha mrushaji, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, kuwe jambo la wiki tatu za mwisho, kwa nusu ya nguvu kwanza. Mvua ikinyesha, ahirisheni: mpira uliolowa huwa mzito na huteleza, nao mkono huukamua ili kuushika.

Maswali ya wanachama

Kocha, sisi wa Kayole hatuna uwezo wa kulipia jimu. Tufanyeje?

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20, na unatosha kuanzia. Kwa mirusho ya kuzungusha nyonga, chukueni mpira mkuukuu wa miguu, mtie mchanga wa kilo 2 hadi 3, nafasi inayobaki mjaze vitambaa, kisha mshone. Kuhusu chakula, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku hupatikana kwa ndengu, maharagwe, omena, mayai na maziwa.

Mwalimu, mwanangu ana miaka 14. Ni mrushaji, na siku hiyo hiyo hupangwa kuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira. Je, ni sawa?

La, mama. Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani hautaki mrushaji ahamie udakaji katika mechi hiyo hiyo, unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku kwa umri wake, na unataka miezi minne kwa mwaka bila kurusha katika mashindano, miwili au mitatu kati yake ikiwa mfululizo bila kurusha chochote kupitia juu ya bega. Mwoneshe kocha wake hesabu hiyo. Mwanao akisema anaumwa ndani ya kiwiko, aache kurusha siku hiyo hiyo na apelekwe kwa daktari.

Tukishuka Mombasa, kwa nini mipira yangu ya kupinda hutoka nje ya eneo halali la mrusho?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hata Denver, na hewa nyepesi huupindisha mpira kidogo. Pwani hewa ni nzito, kwa hiyo mpira ule ule hupinda zaidi. Fika siku mbili mapema, urushe mipira ya kupinda kama 15 kwa nguvu ya wastani, na usogeze shabaha badala ya kubadilisha jinsi unavyozungusha kifundo cha mkono.