Mtoto Anataka Kucheza Besiboli: Mwongozo wa Ligi ya Mtaa kwa Wazazi Wageni Marekani

Ligi nyingi za besiboli za watoto Marekani ziko chini ya Little League, shirika lililoanzia Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939. Katika kila mtaa huendeshwa na wazazi wanaojitolea, kwa hiyo usitegemee kukuta ofisi yenye karani. Familia ngeni hukosa msimu zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa kukosa pesa: mechi za majira ya kuchipua huanza karibu na Aprili, lakini usajili mara nyingi huwa umefungwa kabla baridi haijaisha. Anza kuulizia Desemba. Kwenye tovuti ya Little League unaandika anwani yako na unaonyeshwa ligi inayohudumia eneo lako. Mtoto huandikishwa kwa mahali anapoishi au shule anayosoma. Kuvuka mpaka wa ligi ili acheze na rafiki yake hakuruhusiwi hivihivi.

Wengi hukwama kwenye hati. Utatakiwa cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa makazi. Uthibitisho huo ni hati tatu, na kila moja itoke katika kundi lake: kwa mfano leseni ya udereva, mkataba wa nyumba na bili ya umeme. Ukileta bili ya umeme, ya maji na ya gesi, hizo zote zinahesabiwa kuwa hati moja. Njia nyepesi ni fomu ya shule: uongozi wa shule ukisaini kwamba mtoto anasoma hapo, na shule iko ndani ya mipaka ya ligi, hati za makazi hazihitajiki. Cheti cha kuzaliwa kikiwa kilipotea vitani au safarini, mwambie msajili mapema, kwa sababu kuna utaratibu wa maombi kwa hali hiyo na huchukua muda.

Umri huhesabiwa kwa tarehe iliyo kwenye hati. Kwa besiboli siku ya kupimia ni Agosti 31: anayetimiza miaka 12 Agosti 30 anahesabiwa ana 12 msimu mzima, hata kama Aprili bado ana 11. Wadogo wa miaka 4 hadi 7 hupiga mpira uliowekwa juu ya kijiti. Wakikua kidogo hurushiwa na kocha, kisha wao kwa wao. Kabla ya timu kupangwa kuna siku ya majaribio. Kwa kawaida lengo lake ni makocha wagawane wachezaji kwa usawa, kwa hiyo mtoto asiyewahi kushika mpira huo asiogope kwenda.

Na ada? Kanuni za Little League haziruhusu mtoto azuiwe kucheza kwa sababu mzazi hawezi kulipa. Mwandikie mwenyekiti wa ligi sentensi mbili tu ukiomba msamaha wa ada. Huko si kuombaomba, ni haki ya mtoto, na wazazi wengi hawaijui.

Ligi nyingi hutoa jezi na kofia, na huazimisha helmeti na vifaa vya mdakaji (mchezaji anayekaa nyuma ya mpigaji). Cha kununua ni glavu, viatu vyenye njumu za plastiki (za chuma ni marufuku kwa walio chini ya daraja la vijana) na suruali. Glavu huvaliwa mkono usiorusha: anayerusha kwa kulia anavaa kushoto, na lebo yake huandikwa RHT. Gongo linaweza kusubiri, kwa kuwa timu huwa nalo. Ukinunua, hakikisha lina alama ya USA Baseball. Lenye alama ya USSSA pekee (ya shirika jingine la michezo) hufanana nalo na huuzwa rafu moja, lakini refa atalitoa uwanjani.

Sasa mkono wa mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, jambo ambalo mzazi asimwachie kocha peke yake. Kiwiko cha mtoto bado kinakua, na kurusha kwa nguvu bila mapumziko hukijeruhi. Kikomo cha siku moja ni mipira 50 kwa miaka 7 na 8, 75 kwa 9 na 10, na 85 kwa 11 na 12. Kisha kuna mapumziko: akirusha 21 hadi 35 apumzike siku 1, 36 hadi 50, siku 2, 51 hadi 65, siku 3, 66 na zaidi, siku 4. Aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kucheza nafasi ya mdakaji siku hiyo. Hatari kubwa ni kuchezea timu mbili, maana kocha wa Jumapili hajui mipira ya Jumamosi. Hesabu mwenyewe, andika kwenye simu, umwonyeshe.

Siku ya mechi, katika timu ya wachezaji 12 au pungufu, kila mtoto lazima alinde uwanjani hadi wapinzani 6 watolewe, na apige walau zamu moja. Mwanao asipopata hayo, zungumza na kocha siku inayofuata, faraghani. Radi ikisikika wote huondoka uwanjani, na huanza tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Utaombwa zamu ya kibanda cha vitafunio au kufyeka nyasi. Atakayekuwa na watoto mara kwa mara huchunguzwa rekodi zake kila mwaka, kwa hiyo jaza fomu mapema. Mtoto akiumia, mjulishe ofisa wa usalama siku hiyohiyo na utunze risiti: bima ya ligi hulipa baada ya bima ya familia, na fomu ya madai hutakiwa ndani ya siku 20.