Mfano wa maji kwenye kufundisha umeme: utumie vipi, na uuache wapi

Kama unafundisha fizikia tuisheni au una kijana unamfunza wayaringi, mfano wa maji kwenye bomba utakusaidia sana, ila lazima umuonyeshe na pale unapogoma, maana asipoambiwa atauamini wote mzima mzima.

Anza na tenki. Likiwa juu ya mnara maji yanatoka kwa nguvu, likiwa chini yanachuruzika tu, basi hiyo presha ndo volti. Maji yanayopita kila sekunde ndo ampia, na bomba jembamba linavyobana ndo ukinzani. Hapohapo mpe hesabu, usisubiri kesho: betri ya volti 12, ukinzani om 6, zinapita ampia 2. Ukinzani ukiwa om 12 inapita 1. Akiona namba zinaenda sawa na bomba, ameshaelewa.

Sasa muulize yeye, maji na umeme havifanani wapi? Usimjibu haraka, muache ahangaike kidogo. Cha kwanza ni bomba kukatika. Bomba likikatika maji yanamwagika, lakini waya ukikatika mkondo unasimama, hakuna kinachomwagika. Hapa tulia naye kabisa, kwa sababu kijana anaweza kusema kama hakivuji kitu basi ni salama, wakati volti bado ipo palepale kwenye ncha na akiishika yeye ndo anakuwa njia. Mfano ukiachwa nusu hapa unaua mtu.

Cha pili ndo kinawasumbua wengi: wanadhani balbu inakula ampia kama sisi tunavyomaliza maji ya ndoo. Weka ameta, yaani kifaa cha kupima ampia, kabla ya balbu, halafu iweke baada ya balbu, asome mwenyewe, namba ni ileile. Kinachotumika ni nishati, ndo maana unit moja ya LUKU ni kilowati saa 1, wakati mita ya maji inahesabu maji yenyewe. Kwa hiyo rekebisha mfano wako, badala ya bomba la kumwaga nje chora bomba la mzunguko lenye pampu, maji yanarudi yalikotoka. Betri ndo pampu.

Atauliza tu kwa nini taa inawaka papo hapo. Elektroni zenyewe zinajikokota, kwenye waya wa kawaida hata milimita moja kwa sekunde mara nyingi hazifikishi, ila waya umeshajaa kama bomba lililojaa maji, ukisukuma huku kule inasogea. Mfano umefaa tena hapo. Ila umeme wa ukutani hauendi upande mmoja, unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mambo ya bomba hapo yanaanza kumchanganya tu, usilazimishe.

Ukifika kwenye mota na transfoma, achana na maji kabisa. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira inageuka karibu na waya wenye umeme, na hakuna maji ya bomba yanayofanya hivyo. Mwambie wazi kwamba mfano umeishia hapa, kisha chukua dira, betri ndogo na kipande cha waya, gusisha mara moja na uachie maana waya unapata moto haraka, aone sindano inavyoruka.