Somo: Kuchota maji ya chini ya ardhi ili kupima nitrasi oksaidi, ukingo wa mto Sabaki, pwani ya Kenya

Watu huniuliza: maji haya huchotwaje bila gesi kutoroka? Nimejibu swali hili inboksi hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

Mbolea, samadi na vyoo vya shimo huacha nitrati kwenye maji ya chini. Yakipita kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza nitrati hatua kwa hatua: nitriti, nitriki oksaidi, nitrasi oksaidi, mwisho nitrojeni ya kawaida. Kazi ikikatikia njiani, nitrasi oksaidi, ambayo ni gesi, huibukia mtoni na kupaa. Kwa miaka 100, kilo moja yake hupasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi.

1. Chagua mahali patatu: bomba la kupimia (lililozamishwa ardhini hadi kwenye maji) karibu na shamba, jingine kwenye tope la mikoko, na mto wenyewe.

2. Nenda maji ya bahari yakipwa. Yakijaa, chumvi huingia na kukuchanganyia hesabu.

3. Vuta maji yaliyolala bombani hadi joto na oksijeni vitulie.

4. Kujaza chupa. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilichota kwa ndoo nikamimina. Gesi ikatoroka, chupa 12 zikaonyesha karibu hakuna kitu, nami nikaandika kwamba tope limemaliza kazi. Nilidanganya watu bila kukusudia. Tumia mpira mwembamba ufike chini kabisa ya chupa ya kioo, maji yapande polepole na yafurike angalau mara 3. Utoe mpira taratibu, tia zinki kloridi kuua bakteria (vaa glavu), ziba, pindua chupa. Ukiona kiputo hata kimoja, mwaga uanze upya. Usiseme "ni kidogo tu".

5. Pima nitrati papo hapo. Nitrati na nitrasi oksaidi zote mbili zikishuka kutoka shamba hadi tope, na chumvi haikubadilika, kazi imekamilika. Nitrati ikishuka nitrasi oksaidi ikipanda, kazi imekwama katikati.

MASWALI

Kaka wa Gede: Chupa ya soda ya plastiki inafaa?
— Hapana. Nimeandika kioo. Plastiki hupitisha gesi.

Kaka wa Gede: Na kiputo kidogo je?
— Soma hatua ya 4.

Binti Mambrui: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tope lishinde mchanga kwa kuondoa nitrati?
— Marahaba mwanangu, umeuliza jambo la maana. Tope la mikoko lina majani yaliyooza, ndiyo chakula cha bakteria, na maji hukawia humo. Mchangani hupita haraka, oksijeni ingalipo, nitrati hufika mtoni ilivyo. Chimba chini ya mchanga ulinganishe; pengine utakuta tabaka la tope limefunikwa.

Mama wa Shela: Kisima changu kiko karibu na choo. Hiyo gesi itamdhuru mtoto?
— Gesi si tatizo lako, dada. Hofia nitrati: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na mtoto wa chupa ndiye huumia kwanza. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha, maana maji hupungua nayo hubaki. Hadi upime, mchanganyie maziwa yake kwa maji mengine.