Maji na protini baada ya kupunguzwa tumbo: mi nilivyofanya hapa Mwanza, hatua kwa hatua

Jamani habari zenu. Mi ni muuza dagaa pale mwaloni Kirumba, sio daktari wala sio nesi, ila huu mwaka wa tatu tangu nifanyiwe ile operesheni ya kupunguza uzito, ile ya sliivu, wanakata robo tatu na zaidi ya mfuko wa chakula unabaki na kitu chembamba kama ndizi. Tangu hapo mwezi haupiti bila mtu kuja kwenye meza yangu anajifanya ananunua dagaa kumbe anataka kuniuliza dada we unakula nini mbona hujaishiwa nguvu. Sasa nimechoka kurudia, naandika hapa mara moja, ukiulizwa na mwenzio mtumie.

Namba kwanza. Wengi tunaambiwa protini gramu 60 mpaka 80 kwa siku na vya kunywa lita 1.5 mpaka 2. Waliokupasua wakikupa namba nyingine fuata ya kwao, wao ndo wanajua ndani wamekuacha vipi. Watu wakisikia gramu 60 wanawaza pesa, wanawaza makopo ya unga wa wanamichezo, mi nakwambia kwa mtu wa Mwanza shida sio samaki wala shida sio hela sana, shida ni saa. Tumbo jipya haliwezi kubeba maji na chakula pamoja, kwaiyo kila dakika unayokula hunywi na kila dakika unayokunywa huli, na siku ni ile ile. Usipoipangia ratiba hiyo siku, kimoja lazima kikose, na mara nyingi kinachokosa ni maji.

HATUA YA 1: Tafuta kipimo chako cha maji

Zamani nilikuwa nashusha kopo zima la maji mkono kiunoni, sasa hivi ukijaribu hivyo maji yanapanda kifuani yanauma kama umemeza jiwe. Wiki za mwanzo unakunywa kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, unatulia, dakika 10 au 15 zikipita unakunywa tena. Mi kijiko nilikuwa nasahau nimekunywa vingapi, nikaenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, nikachukua kikombe cha kahawa vile vya wazee wa kijiweni, nikamimina bomba tatu, nikachora mstari kwa rangi ya kucha nyekundu. Basi. Kikombe hicho hakuna ruhusa mtu kukigusa mpaka leo.

Piga hesabu: kikombe kimoja kila dakika 10 ni mililita 180 kwa saa. Kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku ni masaa 15, toa masaa matano ya milo na kusubiri baada ya milo, yanabaki 10, unapata lita 1.8. Umeona? Inawezekana kabisa, ila ukilala mchana masaa mawili au ukienda msibani ukaona aibu kutoa chupa, imeisha hiyo, jioni huwezi kufidia kwa kubugia.

Simu niliitegea mlio kila dakika 10. Mume wangu alinuna wiki nzima akazoea.

HATUA YA 2: Chagua cha kunywa

Maji ya kuchemsha yaliyopoa, chai nyepesi bila sukari, supu iliyochujwa, maziwa. Maji ya ziwani moja kwa moja hapana hata kama umekulia Igombe na hujawahi kuumwa, maana ukiharisha wakati unaweza kunywa kile kikombe kidogo tu kwa mara moja unakauka haraka mno. Soda zote hapana, gesi inalivimbisha tumbo. Juisi ya miwa na soda hata ikipoa gesi ikaisha bado ni sukari tupu, na kwa waliofanyiwa baipasi, ile operesheni nyingine ya kuunganisha kijitumbo kidogo moja kwa moja na utumbo, sukari inashuka kwa kasi kwenye utumbo, unatoka jasho, moyo unaenda mbio, tumbo linasokota, unaharisha, unahisi unakufa kumbe ni juisi. Chai na kahawa usinywee pamoja na vidonge vya madini ya chuma, zinavizuia visifyonzwe vizuri.

Hapa nikiri kosa langu. Wiki ya tatu nikajiona nimepona, nikarudi mwaloni, jua la saa 7 lile mnalijua, wateja wamejaa, kikombe nimekiacha kwenye mkoba. Nikakumbuka kunywa saa 10. Nilikojoa mkojo rangi ya chai ya rangi, kabisa, nikasema ah ntakunywa nyumbani. Kwenye daladala kufika Buzuruga kichwa kinagonga, macho giza, nikamwangukia mama wa watu aliyepakata kuku. Nikaishia kwenye dripu mbili. Kwaiyo mi sasa hivi kila nikienda chooni naangalia rangi, ukiwa wa njano iliyopauka niko sawa, ukianza kukolea sisubiri kichwa kiume.

HATUA YA 3: Protini ya kunywa, wiki mbili za mwanzo

Wengi tunakaa kwenye vya maji maji kama wiki mbili, alafu vya kusagwa, alafu vilaini, na vyakula vya kawaida kuanzia mwezi na nusu hadi miezi miwili hivi. Usiruke, kidonda kiko ndani hukioni.

Sasa kuna jambo linaniumiza, watu wanakunywa supu ya makongoro asubuhi mchana jioni wanaamini wanajijenga. Supu iliyochujwa ni maji na chumvi na ladha, protini yake ni kidogo sana, nyama ndo umeiacha kwenye sufuria. Na uji hivyo hivyo, uji wa sembe kikombe kizima hauna protini ya maana. Vinywe kama maji, usivihesabu.

Kinachohesabika ni maziwa, na maziwa yanaongezwa nguvu hivi: chukua robo lita ya maziwa yenye mafuta kidogo, yale yana kama gramu 8 za protini, koroga ndani vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, umeongeza gramu 5 hivi. Yanakuwa gramu 13 kwenye kikombe kile kile. Unga uukoroge kwanza na maziwa kidogo ya uvuguvugu uwe laini bila madonge ndo umimine mengine. Hicho kikombe usikimalize kwa mkupuo, mi kilikuwa kinanichukua saa nzima. Kuna watu maziwa baada ya operesheni yanawakataa, tumbo linaunguruma na kujaa gesi, hao wajaribu mtindi maana umepungua ile sukari ya maziwa, au maziwa ya soya. Kama una hela ya unga wa protini wa kopo, nunua, wiki hizo mbili unasaidia kweli, sijasema ni mbaya.

HATUA YA 4: Unga wa dagaa

Hapa ndo kwangu. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kalsiamu juu, hakuna kopo litakalomshinda dagaa kwa bei. Shida yake ni mchanga.

Ukija sokoni usiulize bei kwanza, uliza wameanikwa wapi. Waliomwagwa mchangani wanakuwa wa bei rahisi, ila chukua wachache weka kiganjani sugua, utasikia chenga. Hao waache, kwa tumbo la kawaida sio mbaya ukiosha, kwa tumbo letu hapana. Taka walioanikwa juu ya chanja au neti, wanang'aa rangi ya fedha, wamenyooka, hawanuki uvundo. Na nunua kabla ya mbalamwezi, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, mzigo unaadimika na bei inapanda, mi mwenyewe ndo nawapandishia, msinilaumu.

Nyumbani toa vichwa na yale matumbo meusi, ndo yenye uchungu. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, usiwamwage na maji yake, watoe kwa mkono mchanga ubaki chini ya beseni. Anika wakauke tena kabisa. Bandika kikaango kikavu moto mdogo, wageuze geuze bila mafuta mpaka ukimvunja mmoja anatoa mlio kama kijiti, akipinda bado. Wakipoa twanga au tia kwenye blenda, alafu chekecha kwa chekecheo la chai, kinachobaki juu rudisha kwenye kinu, chekecha tena. Unga uwe laini kama unga wa ulezi, ukiupaka ulimini usihisi mwiba. Weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko unaobana.

Kijiko kikubwa kilichojaa nakihesabia gramu 5 za protini. Mi nilianza nao kwenye hatua ya vya kusagwa, nusu kijiko kwanza, ndani ya viazi vitamu vilivyopondwa na maziwa au mchuzi wa nyanya ulioiva vizuri. Usiongeze chumvi, dagaa ana ya kwake.

HATUA YA 5: Kula, kijiko cha chai na kisosi

Protini inaanza, mboga inafuata, ugali ukipata nafasi. Sio ugali umemegwa alafu samaki wa kusindikizia, geuza. Tafuna mpaka kiwe uji mdomoni, weka kijiko chini, tafuna, meza, ndo uchukue kingine. Dakika 20 mpaka 30 zinatosha, ukihisi kubanwa hapa katikati ya kifua acha, hata kama limebaki tonge moja, hilo tonge moja ndo linatapisha.

Maji acha ukianza kula na usinywe tena mpaka nusu saa ipite baada ya kumaliza. Hii ndo ngumu kuliko zote, sitawadanganya.

Samaki mzuri wa kuanzia ni sato wa kuchemsha mwenye mchuzi, nyama yake inaachia yenyewe, miba ni mikubwa unaiona. Sangara wa kukaanga aliyekauka ni mtego. Nilikula kipande kidogo tu kwenye sendoff, hakikufika kokote, kikasimama, mate yakaanza kunijaa mdomoni, nikatoka nje na gauni langu nikamtapikia mwenye sherehe maua. Samaki aliyepashwa moto mara ya pili pia anakuwa mkavu, mwongezee mchuzi.

Siku yangu moja ya wiki ya sita ilikuwa hivi: maziwa yaliyoongezwa nguvu kikombe kimoja asubuhi kwa vipande vipande, 13. Yai la kuchemsha lililopondwa, 6. Mchana sato kama gramu 60 bila miba, 15. Mtindi glasi isiyojaa, 7. Unga wa dagaa vijiko viwili kwa milo miwili tofauti, 10. Maharage yaliyosagwa vijiko vitatu, 3. Usiku nusu kikombe ya yale maziwa, 6. Jumla 60. Na yale maziwa yanaingia pia kwenye hesabu ya vya kunywa, kwaiyo umeua mbili.

HATUA YA 6: Watu

Mama mkwe wangu alitoka Sengerema kuja kuniuguza, siku ya pili kaniwekea ugali wa udaga wa kushiba wanaume wawili, ananiambia mwanangu kula, mtu hapati nguvu kwa vijiko. Nikimwambia mama nimeshiba analia. Nikampa kazi: nikamkabidhi kile kikombe cha mstari mwekundu nikamwambia mama, daktari kasema we ndo unilinde nisikose hiki. Weee! Akawa ananifuata mpaka bafuni. Na wewe tafuta wako wa hivyo.

HATUA YA 7: Ukiona hivi usisubiri

Kutapika kila unachoweka, au siku nzima maji hayakai tumboni, au homa, au maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio umekaa tu, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na hii ishike: ukifika umetapika kwa siku kadhaa, waambie mapema nimefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo na nimekuwa natapika, naomba mniangalie vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Mwili ukiishiwa B1 alafu ukapewa glukosi kwanza, ubongo unaweza kuumia, na nesi wa zamu hawezi kujua historia yako kama hujasema. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usinunue tu dukani, hasa we wa baipasi, zinaleta vidonda, uliza.

Vitamini zako meza kila siku, za chuma na za kalsiamu ziachane masaa mawili. Nywele zikianza kutoka mwezi wa tatu au wa nne usichanganyikiwe, wengi zinatoka na zinarudi, ila rudi kwenye hesabu ya protini uone kama hujalegea.

Mwisho ni chupa. Mi nina tatu za nusu lita, asubuhi nazipanga dirishani zote zimejaa na kikombe changu pembeni, nikienda mwaloni nabeba mbili, nikipanda meli ya Nansio nabeba zote tatu. Saa 3 usiku kama moja imebaki nusu usiishushe yote kwa hasira, utakesha umekaa. Kunywa vikombe viwili vitatu taratibu, kinachobaki mwagilia mchicha, kesho saa 12 unaanza upya.