Somo: Kupoza Injini ya Kwadi ya Mashindano Kwenye Vumbi na Mchanga wa Dodoma

Kila kiangazi kinapoingia, waendeshaji wa kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne, hapa Dodoma huniletea tatizo lilelile: injini inachemka kabla ya mizunguko ya mazoezi kwisha, na jambo la kwanza linalowajia ni kununua rejeta kubwa, ile inayopoza maji ya injini. Ninawaomba wasubiri kidogo. Katika kwadi nyingi nilizozifungua, rejeta iliyokuwepo ilitosha. Kilichokosekana ni njia ya hewa, au kifuniko chake kilikuwa kimechoka.

Ni vizuri kwanza kuelewa mahali tulipo. Mji wetu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo kwenye chombo cha wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Hewa yetu pia ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo inapopita kwenye rejeta kwa mwendo uleule huondoka na joto pungufu. Kwenye mchanga wa korongo injini huvuta kwa nguvu zote huku chombo kikienda polepole, na juu ya hayo upo upepo wa kiangazi unaotoka kusini mashariki. Mwendeshaji anayeelekea kaskazini magharibi kwa kilomita 30 kwa saa, akisukumwa mgongoni na upepo wa kilomita 25, anapata mbele ya rejeta yake upepo wa kilomita 5 tu, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Ndiyo maana kwadi moja inaweza kuchemka wakati wa kwenda na kupoa wakati wa kurudi, huku mwenyewe akihangaika kutafuta ubovu ndani ya injini.

Hatua ya kwanza ni kifuniko cha rejeta. Usikifungue injini ikiwa ya moto. Mkono wangu wa kulia una kovu la mvuke kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, nililolipata kwa haraka ya dakika moja. Injini ikishapoa kabisa, kigeuze kifuniko utazame mpira wake wa chini. Ukiwa mgumu, umepasuka au umebonyea alama ya mdomo wa rejeta, kitupe. Kwadi nyingi zenye injini ya sentimita za ujazo 450 hutumia kifuniko cha bar 1.1, yaani kinachobana maji kwa shinikizo hilo kabla ya kuachia, na shinikizo ndilo linaloyachelewesha kuchemka. Kikiwa kizima, hata maji matupu hapa Dodoma hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Kikilegea na kuanza kuachia kwenye bar 0.5, yanachemka kwenye nyuzi 109 hivi. Nyuzi hizo 11 hazinunuliwi kwa rejeta mpya. Soma namba iliyoandikwa juu ya kifuniko na urudishie ileile, kwa maana cha shinikizo kubwa zaidi kinaweza kupasua mipira ya maji iliyozeeka.

Hatua ya pili ni usafi, na hapa wengi huharibu wakidhani wanatengeneza. Vumbi letu jekundu likikutana na maji hugeuka tope, na likikauka kati ya mapezi ya rejeta, yale mabati membamba yanayotoa joto, huwa kama limechomwa tanuruni. Anza kwa kupuliza hewa ya kompresa kwa nguvu ndogo, ukitokea upande wa injini kuelekea mbele, ili vumbi litoke kwa njia liliyoingilia. Maji yafuate baadaye, ya mpira wa kawaida, kutoka upande huohuo. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi kwa sekunde chache, na pezi lililolala halipitishi hewa. Yaliyolala yanyooshe moja moja kwa kijiti chembamba cha mwanzi. Giza likiingia, weka tochi nyuma ya rejeta na usimame mbele yake: panapopita mwanga, hewa inapita. Niliwahi kufanya hivyo kwa kwadi iliyotoka njia za Hombolo, mwenyewe akiapa kwamba ameiosha asubuhi, na theluthi ya chini ya rejeta ilikuwa nyeusi kabisa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote: hewa iongozwe iingie, na ipewe pa kutokea. Hewa hupenda njia rahisi. Ukiona nafasi ya vidole viwili kati ya rejeta na plastiki za pembeni, ujue hewa inapita hapo badala ya kupenya kwenye mapezi. Ziba nafasi hizo kwa sponji ngumu au kwa bati jembamba la alumini. Mbele, ondoa kibao cha namba kilichokaa usoni mwa rejeta, na wavu wa kuzuia mawe uwe wa matundu makubwa. Kisha geukia nyuma, mahali ambapo watu husahau: hewa ya moto isipopata mlango chini ya tangi na pembeni mwa injini, hujazana hapo na kuizuia ile ya mbele isiingie.

Hatua ya nne ni feni. Washa feni, kisha shika karatasi mbele ya rejeta. Ikinaswa na kubaki imeng'ang'ania mapezi, feni inavuta inavyotakiwa. Ikisukumwa mbali, nyaya zimegeuzwa. Kagua pia fyuzi na viungo vya waya, kwa kuwa kutu kidogo hupunguza kasi ya feni bila kuizima.

Hatua ya tano ni maji yenyewe. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji) inayofaa injini za alumini, isiyo na silikati, kwa sababu silikati husaga sili ya pampu. Ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa kama maji ya betri. Kuzidisha kulanti ni kosa, kwani maji ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi. Unapojaza, inua magurudumu ya mbele ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine zote, binyabinya mipira ya maji, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na endelea kuongeza hadi mapovu yaishe. Hewa iliyobaki kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, huchemsha injini hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kondoa: Shikamoo fundi. Nimeshauriwa nitoe themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, ili maji yazunguke bila kizuizi. Je, ni sahihi?

Marahaba, mdogo wangu. Usiitoe. Injini itachelewa kupata joto, petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda, na pete za pistoni zitaisha mapema. Ukiishuku, iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uyapashe moto, uone kama inafunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mwanachama wa Dodoma mjini: Fundi, maji ya bomba yana ubaya gani? Nimeyatumia miaka miwili.

Maji yetu mengi hutoka visimani Makutupora, na kila mwenye birika anaujua utando mweupe unaoganda chini yake. Utando huohuo unajijenga ndani ya mirija ya rejeta yako na kuzuia joto lisitoke. Nunua maji ya betri, lakini soma chupa kwa makini, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo na itaitafuna alumini.

Mwanachama wa Mpwapwa: Chupa ya akiba inajaa nikiendesha, lakini injini ikipoa maji hayarudi. Nimebadilisha kifuniko na hali ni ileile.

Kagua kwanza mpira mwembamba unaounganisha rejeta na chupa; ukiwa na ufa, rejeta hufyonza hewa badala ya maji. Ukiwa mzima, washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, na utazame ndani. Mapovu yasiyokoma, hasa ukiongeza kasi ya injini, maana yake ni gesi ya silinda kupita kwenye gasketi ya hedi. Tazama na oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena mpaka hedi ifunguliwe.

Mwanachama wa Manyoni: Kwadi yangu ya kabureta haichemki kabisa huku kwetu, lakini nilipoipeleka Dar es Salaam ilipata joto kupita kiasi. Rejeta ni safi na feni inavuta.

Kabureta hiyo imepangwa kwa hewa nyepesi ya huku juu, kwa hiyo ukishuka pwani hewa inazidi, petroli inapungua, na mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kali. Kabla ya safari, weka jeti kuu (kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta) kubwa kwa ngazi moja au mbili, na ukifika pwani endesha kwa nguvu dakika chache, kisha fungua plagi: ikiwa nyeupe, ongeza tena, ikiwa ya rangi ya kahawia, iache hapo, na jeti ya zamani uifunge kwenye mfuko wa spana kwa ajili ya kurudi.