Land Rover ya zamani: anza na mpira wa petroli

Wenye Land Rover za zamani za petroli, hebu fungueni boneti leo mkague mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta. Upinde kwa mkono. Ukiona nyufa, badilisha. Usiufunge na kipande cha tyubu kama tulivyozoea. Petroli ikidondokea ekzosi yenye moto, hakuna mjadala. Tazama pia waya mnene wa betri usisuguane na bodi, maana kwa kawaida hauna fyuzi ya kuuokoa. Ukitoka porini, chungulia chini uchomoe nyasi kavu zilizonasa kwenye ekzosi.

Moshi ukitokea: simama, zima swichi, wote washuke. Kwenye Land Rover nyingi za Series, yaani yale matoleo ya zamani, tangi liko chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo usikae ukitafuta simu. Usifungue boneti yote, hewa itauchochea moto ukurukie usoni. Ilegeze kidogo, pulizia unga wa mtungi wa kuzimia moto kwenye upenyo huo. Maji hapana, yanaisambaza petroli. Ukishindwa mara ya kwanza, kimbia, gari liache.

Mtungi ufunge karibu na mlango wa dereva. Wangu niliwahi kuuweka nyuma, chini ya magunia ya mkaa!